Jalidi ya Agosti 1816: Bustani za Nyumbani na Majira Yaliyofika Kabla ya Wakati

Utangulizi

Wanafunzi wa somo la tafsiri hukutana mara kwa mara na matini zinazotaja majira manne ya nchi za kaskazini. Neno linalowasumbua zaidi ni lile la majira yanayoanza mwezi wa Septemba, baada ya joto na kabla ya theluji. Wengi huandika vuli, na zipo kamusi zinazowaunga mkono kwa kuwa miezi inakaribiana. Tatizo ni kwamba vuli ni jina la mvua. Mkulima wa Mukono au Masaka akiona mvua za Septemba zimeshika, huchukua jembe akapande maharagwe. Mkulima wa kaskazini mwa Marekani, mwezi huohuo, huchukua kikapu akavune alichopanda tangu Mei, kwa sababu baada ya wiki chache ardhi yake itaganda. Kwetu ni wakati wa kuanza, kwao ni wakati wa kufunga. Kwa sababu hiyo, katika makala haya tunatumia majira ya mapukutiko, yaani wakati majani ya miti yanapobadilika rangi na kuanguka.

Neno la pili linalohitaji maelezo ni jalidi, ambalo wengine huliita sakitu. Ni barafu nyembamba inayotanda juu ya majani usiku wa baridi, pale ambapo sisi tungetazamia umande. Katika sehemu nyingi za Uganda hatuioni, lakini wakulima wa chai wa Kericho na Nandi nchini Kenya wanaijua vizuri: Januari 2012 iliunguza chai yao kana kwamba moto umepita.

Makala haya yanahusu mwaka ambao jalidi ya mapukutiko haikungoja mapukutiko. Mwaka huo ni 1816, na mahali ni eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani liitwalo New England. Historia ya mwaka huo huandikwa mara nyingi kwa kutazama mambo makubwa: volkano, bei ya nafaka, na misafara ya watu waliohama. Sisi tunakusudia kuutazama kutoka katika bustani ya mboga iliyo nyuma ya nyumba. Hoja yetu ni kwamba hapo ndipo ilipoamuliwa ni familia ipi ingekula wakati wa baridi, na ni ipi ingekuwa na kitu cha kupanda mwaka uliofuata.

Bustani ya nyuma ya nyumba

New England ina majimbo ya Maine, New Hampshire, Vermont, Massachusetts, Rhode Island na Connecticut, ingawa mwaka 1816 Maine ilikuwa bado sehemu ya Massachusetts. Familia nyingi ziliishi kwa kilimo. Zao kuu la chakula lilikuwa mahindi, ambayo yaliliwa kama uji mzito na mkate, na kulishwa nguruwe. Kando ya nyumba, karibu na mlango wa jikoni, kulikuwa na bustani ambayo kwa kawaida ilitunzwa na wanawake na watoto. Humo mlipandwa maharagwe, njegere, matango, maboga, kabichi, vitunguu, karoti, bitiruti na tanipu, ambayo ni mboga ya mzizi mnene mweupe.

Walowezi hawa hawakubuni kilimo hicho peke yao. Wenyeji wa nchi ile, kama Waabenaki na Wahaudenosaunee, walikuwa wakipanda mahindi, maharagwe na maboga pamoja kwa karne nyingi. Bua la mahindi ni nguzo ya kupandia maharagwe, na majani mapana ya maboga hufunika udongo usikauke. Mazao hayo matatu yana asili ya Amerika, na yalifika Afrika Mashariki baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi mwishoni mwa karne ya 15. Mama wa Iganga anayepanda mahindi, maharagwe na maboga katika kipande kimoja cha ardhi anafanya kazi ambayo mwanamke wa Kiabenaki angeitambua bila kuelezwa.

Tofauti kubwa ni muda. Kwetu bustani haifungwi. Dodo na nakati zikiisha hupandwa nyingine, na ndizi hukatwa mwaka mzima. Kule, kuanzia Novemba hadi Aprili, hakuna kinachoota nje. Kilichoingia katika chumba cha chini ya nyumba kabla ya ardhi kuganda ndicho kilicholiwa: kabichi, karoti na tanipu zilizofukiwa katika mchanga, maboga yaliyokatwa vipande na kukaushwa, maharagwe makavu katika mifuko. Wiki za mwisho za Agosti na za mwanzo za Septemba, wakati ambapo mazao hukomaa, zilikuwa na thamani kuliko wiki nyingine zote za mwaka.

Hesabu ya siku

Tarehe 6 Juni 1816, wakati ambapo miche ilikuwa imekwisha kuchipua, theluji ilianguka katika sehemu za Vermont, New Hampshire na Maine. Jalidi iliendelea kwa siku kadhaa hadi tarehe 11. Chauncey Jerome, fundi wa saa wa Plymouth, Connecticut, aliyechapisha kumbukumbu zake mwaka 1860, alieleza kwamba tarehe 7 Juni alikwenda kazini akiwa amevaa nguo nzito za sufu na koti juu yake, na bado mikono ikamuuma kwa baridi mpaka akavaa glavu. Siku tatu baadaye mkewe aliingiza ndani nguo alizokuwa ameanika nje, zikiwa zimeganda.

Maharagwe, matango na maboga yaliyokuwa yamechipua yalikufa. Watu walipanda upya. Tarehe 9 Julai, siku 28 baada ya jalidi ya Juni kumalizika, jalidi ilirudi katika sehemu nyingi za kaskazini. Waliokuwa bado na mbegu walipanda kwa mara ya tatu. Mwishoni mwa Julai kukawa na joto, na watu wakapata matumaini. Lakini mvua nayo ilikuwa haba, na miche iliyonusurika baridi ilikua polepole katika udongo mkavu.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti jalidi ilishuka tena, ikaua mahindi na maharagwe katika mabonde ya New Hampshire, Vermont na Maine. Nyingine ilifuata kati ya tarehe 28 na 30 Agosti, kali zaidi na iliyoenea zaidi. Tarehe 27 Septemba ilikuja ile iliyomaliza kila kilichobaki.

Tuhesabu. Kutoka tarehe 9 Julai hadi 21 Agosti ni siku 43. Tango huhitaji takriban siku 50 hadi 60 tangu kupandwa hadi kuvunwa. Maharagwe ya kukaushwa huhitaji karibu siku 90. Mahindi ya wakati ule, hata aina zilizokomaa mapema, yalihitaji miezi mitatu au zaidi. Hivyo mtu aliyepanda upya siku iliyofuata jalidi ya Julai, bila kupoteza hata siku moja, bado hakuwa na namna ya kuvuna mazao hayo. Uvivu haukuhusika, wala ujinga. Siku zenyewe zilipungua.

Mahindi yaliyopigwa na jalidi kabla ya kukomaa yalikuwa laini na yenye maji. Wengi waliyakata yakiwa mabichi wakawapa ng'ombe. Waliojaribu kuyahifadhi waliona yanaota ukungu. Nyasi za kukausha kwa ajili ya mifugo nazo zilikuwa chache, kwa hiyo watu walichinja au kuuza wanyama ambao wasingeweza kuwalisha hadi Aprili.

Kilichokufa na kilichopona

Jalidi haiui mimea yote sawasawa. Maji yaliyo ndani ya jani yakiganda hupasua chembe zake, na jua likichomoza jani hulegea na kuwa jeusi. Mimea yenye asili ya nchi za joto, kama mahindi, maharagwe, matango na maboga, haina kinga dhidi ya hali hiyo. Kwa upande mwingine, kabichi, njegere, vitunguu, karoti na tanipu huvumilia jalidi nyepesi, na nyingine huwa tamu zaidi baada ya baridi kwa sababu mmea hukusanya sukari ili maji yake yasigande upesi. Ngano na shayiri nyeusi zilifanya vizuri kuliko mahindi mwaka huo, na viazi ulaya vilipatikana katika sehemu kadhaa kwa kuwa chakula chake kiko chini ya udongo.

Familia iliyotegemea mahindi peke yake ilipoteza karibu kila kitu. Familia iliyokuwa na kabichi, viazi, vitunguu na tanipu ilipoteza maharagwe na matango lakini ikabaki na kitu cha kuweka chini ya nyumba. Mchanganyiko huo wa mboga haukupangwa kwa ajili ya balaa. Ulitokana na mazoea ya jikoni, yaani kutaka supu isiwe na ladha moja kila siku.

Mahali pa bustani napo palikuwa na maana. Katika usiku mtulivu usio na mawingu, joto la ardhi hupaa, na hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kukaa bondeni. Bustani ya bondeni, yenye udongo mzuri kuliko zote, ndiyo iliyokufa kwanza. Bustani ya mteremkoni inayotazama kusini, ambako jua la kaskazini hupiga zaidi, ilikuwa na nafasi ya kupona. Aidha, kipande kidogo kilicho karibu na nyumba kinaweza kufunikwa kwa shuka kuukuu au majani makavu jioni, jambo lisilowezekana kwa shamba la ekari kumi. Wengine waliwasha moto kandokando ya mashamba usiku ili moshi na joto vizuie jalidi.

Mfano unaokumbukwa hadi leo ni wa Reuben Whitten, mkulima wa mji unaoitwa sasa Ashland, New Hampshire. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko unaotazama kusini. Mwaka 1816 alipata busheli 40 za ngano, ambazo ni zaidi kidogo ya kilo 1,000, au kama magunia 11 ya kilo 100. Aligawana na majirani. Mwaka 1911 jiwe la kumbukumbu liliwekwa katika ardhi ile, likiwa na maandishi yanayosema kwamba ngano hiyo iliwaokoa na njaa jamaa zake na jirani zake. Magunia 11 si utajiri. Thamani yake ilitokana na ghala tupu za wengine.

Mbegu

Njaa ya mwaka mmoja ina njaa nyingine nyuma yake. Mahindi yasiyokomaa hayafai kuwa mbegu, na maharagwe yaliyokufa Agosti hayaachi mbegu. Waliopanda mara tatu walikuwa wamemaliza akiba yote waliyoiweka tangu mwaka uliotangulia. Masika ya 1817 yalipofika, watu walitafuta mbegu za mahindi ya 1815 kwa aliyebahatika kubaki nazo, na bei ya dola 4 kwa busheli inatajwa, wakati ambapo kibarua wa shambani kwa kawaida alilipwa chini ya dola moja kwa siku.

Mbegu za mboga zilikuwa na njia yake. Mwanzoni mwa karne ya 19 jumuiya za kidini za Shakers zilikuwa zikikuza na kuuza mbegu za mboga, lakini kaya nyingi zilitumia mbegu zao wenyewe. Mwanamke aliyekuwa na desturi ya kuacha mimea michache mizuri izae mbegu, akazikausha na kuzifunga kwenye kitambaa, alikuwa na hazina ambayo haikuonekana katika hesabu za kodi wala katika magazeti. Mbegu za kabichi zikitunzwa pakavu hubaki hai kwa miaka kadhaa, hivyo aliyekuwa na akiba ya 1814 au 1815 aliweza kuanza upya.

Asiyekuwa na mbegu, wala nyasi, wala fedha, alihama. Kuhamia magharibi kulikuwa kumeanza kabla ya 1816, lakini baada ya mwaka ule misafara iliongezeka, hasa kutoka Vermont na Maine kuelekea New York ya magharibi na Ohio. Miongoni mwa waliohama ni familia ya Joseph Smith wa Norwich, Vermont, ambayo baada ya kukosa mavuno kwa miaka mitatu mfululizo ilikwenda Palmyra, New York. Mtoto wao aliyeitwa Joseph kama baba yake, aliyekuwa na umri wa takriban miaka 11, ndiye aliyeanzisha kanisa la Wamormoni mwaka 1830.

Bustani mbili za Monticello

Kusini zaidi, katika jimbo la Virginia, baridi ilikuwa nafuu lakini ukame ulikuwa mkali. Thomas Jefferson, rais wa zamani wa Marekani, aliyekuwa na umri wa miaka 73, alikuwa na mazoea ya kupima mvua na joto kila siku katika makazi yake ya Monticello. Katika barua aliyomwandikia Albert Gallatin mwezi Septemba 1816 alieleza kwamba mwezi wa Agosti walipata mvua ya takriban milimita 20 tu, badala ya wastani wake wa milimita 230 hivi, na kwamba jalidi ya Agosti iliua mahindi mengi ng'ambo ya milima.

Bustani ya mboga ya Jefferson ni maarufu. Ilikuwa mtaro wa urefu wa karibu mita 300 kwenye mteremko unaotazama kusini, na katika miaka yake mingi zilijaribiwa humo aina zipatazo 330 za mboga. Daftari la bustani alilolianza mwaka 1766 linaonyesha tarehe za kupanda, kuchipua na kuvuna. Mtaro huo ulichimbwa na watumwa, na kazi ya kila siku ilifanywa na watumwa.

Watumwa hao walikuwa na bustani zao pia. Posho yao ya chakula ilikuwa hasa unga wa mahindi, na samaki wa chumvi au nyama kidogo. Mboga walijilimia wenyewe karibu na vibanda vyao, usiku na siku za Jumapili. Ziada waliiuza. Mjukuu wa Jefferson, Anne Cary Randolph, aliandika kati ya mwaka 1805 na 1808 hesabu za vitu vilivyonunuliwa kwa watumwa kwa ajili ya meza ya nyumba kubwa: kuku, mayai, kabichi, matango na kadhalika. Kwa maneno mengine, nyumba yenye mtaro wa mita 300 ilikuwa ikinunua mboga kwa watu wasiomiliki hata miili yao.

Tunataja jambo hili kwa sababu linabadilisha namna ya kuusoma mwaka 1816. Ukame na jalidi vinapopunguza mahindi, posho inayotegemea unga wa mahindi iko hatarini, na bustani ndogo ya kibandani haibaki kitoweo tu. Mkulima wa Vermont aliyekosa mavuno alikuwa na njia ya kwenda Ohio, hata kama ilikuwa ngumu. Mtumwa wa Virginia hakuwa na njia hiyo.

Chanzo chake

Watu wa wakati ule walitafuta sababu. Mwaka 1816 madoa ya jua yalionekana kwa macho matupu kwa kuwa anga ilikuwa na utandu, na wengi wakadhani madoa hayo yamepunguza joto. Wengine walilaumu vyuma vya kukingia radi, ambavyo Benjamin Franklin aliviasisi, wakisema vimeharibu mwendo wa joto ardhini.

Chanzo kikubwa kilikuwa mbali. Mlima Tambora, katika kisiwa cha Sumbawa nchini Indonesia, ulilipuka Aprili 1815, mlipuko mkubwa zaidi ukiwa tarehe 10. Makumi ya maelfu ya watu walikufa huko, wengi wao kwa njaa na maradhi baada ya majivu kufunika mashamba yao. Gesi ya salfa iliyorushwa juu sana angani iligeuka kuwa matone madogo mno yaliyosambaa duniani kote na kurudisha sehemu ya mwanga wa jua. Wastani wa joto la dunia ulishuka kwa takriban nusu nyuzi ya Selsiasi. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini wastani huficha mengi: mahali pengine hapakuguswa sana, na pengine palipata jalidi katikati ya Agosti. Ni mapema katika karne ya 20 ndipo mwanasayansi wa hali ya hewa William Humphreys alipoihusisha waziwazi Tambora na baridi ya 1816.

Ulaya nayo iliumia. Nchini Uswisi na kusini mwa Ujerumani mvua na baridi vilichelewesha mavuno hadi mapukutiko yalipokwisha, na sehemu ya mazao ilifunikwa na theluji yakiwa bado shambani. Njaa ya 1817 ilipopita, mfalme Wilhelm wa Kwanza wa Württemberg alianzisha mwaka 1818 shule ya kilimo huko Hohenheim, kwa kusudi la kuzuia njaa kama ile isirudi. Shule hiyo leo ni Chuo Kikuu cha Hohenheim.

Majina ya miaka

Kwa wanafunzi wa lugha, jambo la kuvutia ni majina. Wamarekani waliuita mwaka 1816 mwaka usio na kiangazi, na pia mwaka wa umaskini. Wengine walicheza na tarakimu, wakasema elfu moja mia nane na kufa kwa baridi. Katika sehemu fulani uliitwa kwa jina la samaki wa bahari wa jamii ya vibua, kwa sababu nguruwe walikosa mahindi na watu wakala samaki badala ya nyama ya nguruwe. Jina hilo la mwisho ndilo linalotufundisha zaidi. Linatuambia kilichokuwa mezani, na kilichokosekana.

Sisi pia tuna desturi hiyo. Vuli ya 1961 katika Afrika Mashariki ilileta mvua zisizo za kawaida kuanzia Oktoba, na kwa kuwa Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba mwaka huo, mvua hizo zikaitwa mvua za Uhuru. Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964. Bustani za kandokando ya ziwa, penye udongo mweusi na maji karibu, ndizo zilizofikiwa na maji kwanza, kama vile mabonde ya New England yalivyofikiwa kwanza na jalidi. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipita kiwango cha 1964, na watu waliojenga na kulima ufukweni tangu maji yaliporudi nyuma wakaona mipaka ya zamani ikidaiwa tena.

Kwa hiyo, jina la mwaka si pambo la masimulizi. Mwenye kujua kwa nini mwaka uliitwa hivyo anajua pia maji yalifika wapi, na ni mmea gani uliobaki umesimama.

Hitimisho

Tumeona kwamba mwaka 1816 jalidi ya mapukutiko ilifika Agosti, kabla ya mazao ya bustani kukomaa, na kwamba walioumia kidogo ni waliokuwa na mchanganyiko wa mboga, kipande cha ardhi cha mteremkoni, na mbegu za zaidi ya mwaka mmoja. Tumeona pia kwamba habari hizi zimetufikia kwa sababu ya watu walioandika: fundi wa saa, mjukuu mwenye daftari la manunuzi, mzee aliyepima mvua. Waliolima zaidi, wanawake wa New England na watumwa wa Virginia, wameacha maandishi machache mno.

Pengo hilo lipo kwetu pia, na bado tunaweza kuliziba kwa sehemu. Tunawaomba wanafunzi wanaporudi nyumbani likizo wamwulize jaja, bibi au babu maswali manne: miaka ya mvua nyingi, ukame au baridi iliitwaje, ilianza mwezi gani, katika lusuku na bustani ya nyumbani ni nini kilikufa na nini kilibaki, na mbegu za msimu uliofuata zilitoka wapi. Majibu yaandikwe kwa lugha ya mzee mwenyewe, na tafsiri ya Kiswahili iwekwe kando. Mahali ambapo Kiswahili sanifu hakina neno, neno la mzee liachwe lilivyo na lifafanuliwe, badala ya kulazimisha vuli mahali pasipo na vuli.